Sahani Zilizokawia Kurudi

Kila mtu katika nyumba ile ya Makorora alijua saa ya Yudith kusali, hata asiyetaka kujua. Nyumba za udongo na fito, aliyepata kuishi ndani yake anazijua: kuta za vyumba hazifiki juu. Zinaishia pale mtu mrefu anapofika akinyoosha mkono, na kutoka hapo ni hewa tupu mpaka kwenye makuti. Ukipiga chafya chumba cha mbele, chumba cha nyuma wanakupa pole. Na Yudith, Mungu ambariki, hakuwa mtu wa kunong'ona. Kukishapambazuka alipiga magoti kando ya kitanda, tumbo lake kubwa likigusa ubao, akaanza kumweleza Mola wake habari zote tangu jana.

Alisali kwa Kishambaa. Kiswahili alikuwa nacho, cha sokoni na cha kanisani, lakini alikuja pwani akiwa mtu mzima, mke wa mtu, na maneno ya ndani ya moyo wake yalibaki kule milimani alikozaliwa.

"Nikisema na Mungu kwa Kiswahili, najiona niko mbele ya karani," alimwambia mumewe.

Mumewe, Rafaeli, alikuwa amelala chali kitandani, mguu wake mmoja umevikwa plasta kutoka paja hadi vidoleni. Robota la mkonge lilimwangukia bohari, siku ya kwanza ya masika. Alikuwa mwanamume wa kubeba marobota tangu ujana wake, na sasa alikuwa mwanamume wa kuinuliwa ili apelekwe msalani. Huko bohari waliomwambia pole walimwambia pia kwamba akipona arudi waone, na hilo ndilo lililokuwa neno la mwisho kutoka kwao.

"Basi sema polepole," Rafaeli alimwambia. "Mungu si kiziwi."

"Si kiziwi, ila ana watu wengi."

"Na hawa wa humu ndani je?"

"Hawa wanajua nini? Kishambaa wamekisikia wapi? Naweza kumweleza Mungu habari zao zote na wasijue lolote."

Na kweli alimweleza. Alimweleza habari za Haji mwenye duka, aliyemwambia jana kwa heshima zote kwamba sukari imekwisha, huku gunia la sukari limefunguka mdomo nyuma yake. Alimweleza habari za Asmahani, mpangaji wa chumba cha uani, anayecheka kabla ya kusikia jambo lenyewe. Alimweleza habari za mama mwenye nyumba, Bi Mwanamkasi. "Huyu naye, Mulungu, mlainishe kidogo. Anapita na pua juu kama ananusa mvua." Rafaeli alijifunika shuka usoni asije akacheka katikati ya sala ya watu.

Kisha sauti ya Yudith ilishuka, kama ilivyoshuka kila siku ikifika hapo. Alikuwa amezaa mara mbili. Wote wawili walifungua macho, wakaiangalia dunia kidogo, wakayafumba. "Huyu niachie," alisema. "Humu ndani yu hai, Mulungu. Nalisikia teke lake. Mimi naogopa kumtoa. Kila anayetoka kwangu unamchukua."

Rafaeli aliacha kucheka. Alinyoosha mkono, akauweka juu ya kitambaa cha kichwa cha mkewe, akauacha hapo mpaka aliposema Amina.

Upande wa pili wa ukuta, juu ya mkeka wake, Bi Mwanamkasi alipitisha viganja usoni, akaitika Amina naye, kwa sauti ya chini kabisa.

*

Bi Mwanamkasi alikuwa mjane mwenye nyumba yake, leso zake mbili zimepigwa pasi, tambuu yake kwenye kijaluba. Aliyemuuliza kwao aliambiwa Mtang'ata, mtu wa pwani, upande wa baba na upande wa mama. Upande wa baba ilikuwa kweli. Mama yake alikuwa Mbondei, aliyeletwa mjini akiwa mwali, na wake wenzake walimcheka kila alipofungua kinywa, mpaka akaacha kukifungua. Mwanamkasi mdogo aliona yale. Mama alipozikwa, alizika na lugha yake pamoja naye, na hakuna mtu wa Makorora aliyepata kumsikia akitamka hata neno moja la Kibondei.

Lakini Kibondei na Kishambaa ni ndugu wa tumbo moja, mwenye kujua kimoja hapotei katika kingine. Mwaka ule Rafaeli na mkewe walipohamia, Bi Mwanamkasi aliisikia ile sauti ikipita juu ya ukuta, tasbihi ikamwanguka mkononi. Alikuwa hajasikia mtu akimwita Mungu kwa jina lile, Mulungu, tangu kwa mama yake. Alikaa pale pale mkekani mpaka sala ikaisha, na kesho yake akakaa tena, na ikawa desturi yake. Habari ya pua aliisikia pia. Alikwenda kwenye kioo akaitazama.

Basi Yudith akawa anaomba, na vitu vikawa vinakuja.

Asubuhi moja alimwambia Mungu, kwa haya kidogo, kwamba anajua mambo makubwa ni mengi, lakini mdomo wake unataka ukwaju, na akikosa ukwaju ataramba ukuta. Adhuhuri pazia la mlango lilisogezwa. Bi Mwanamkasi alisimama pale na sahani ya kaure yenye maua mekundu, samaki juu yake, na ukwaju uliokorogwa mzito pembeni.

"Shikamoo, Bi Mwanamkasi," Yudith alisema, akijaribu kuinuka.

"Marahaba. Kaa, usininyanyukie. Pokea."

"Nani amekwambia nataka ukwaju?"

"Nani aniambie? Nimepika, umezidi. Mwenye mimba hapitwi na harufu." Akageuka akaenda zake, pua juu.

Siku nyingine Yudith alilalamika mbele za Mungu kwamba kuni zimelowa na moshi unamtoa machozi hadi mgonjwa anadhani analilia mguu wake. Alipotoka uani alikuta kikapu cha vifuu vikavu mlangoni. Siku nyingine aliomba kitu laini kwa ajili ya Rafaeli, maana muhogo wa kuchemsha umemchosha na hasemi. Ukaja mkate wa kumimina, umepikwa kwa nazi nzito, juu ya sahani nyingine ya kaure. Na kodi ya chumba, ambayo Yudith aliitaja kila asubuhi kwa kutetemeka, hakuna aliyekuja kuiuliza.

"Huyu Mungu wetu," Rafaeli alisema akilamba vidole, "ana mkono wa nazi kama wa mama mwenye nyumba."

"Wewe kula. Mungu hakosi mjumbe."

"Mimi sikatai. Nasema tu mjumbe mwenyewe anawahi mno."

Ila kwa Yudith kulikuwa na aibu moja iliyokua pamoja na baraka zile. Sahani ya jirani hairudishwi tupu. Hilo hata mtoto analijua. Utie ndizi, utie chumvi, utie hata limau moja, lakini utie kitu. Yeye hakuwa na cha kutia. Akawa anaziosha, anazikausha kwa upindo wa leso, anazisukuma chini ya kitanda. Zikawa rundo. Usiku akijigeuza kitanda kikilia, alizisikia zikigongana huko chini, akafunika uso.

"Bibi," Asmahani alisema siku moja uani, mbele ya wanawake waliokuja kuchota maji, "naona sahani zako zimeolewa chumba cha kati. Mahari umepokea?"

Wakacheka. Yudith aliinama juu ya beseni lake la nguo, shingo ikimuwaka moto. Bi Mwanamkasi alikuwa akipepeta mchele, hakuinua kichwa.

"Sahani zangu ziko pahali pazuri kuliko ulimi wako, Asmahani. Chota maji."

Asubuhi iliyofuata, Yudith alimshukuru Mungu kwa yule mama. Lile neno la kunusa mvua hakulirudia tena. Bi Mwanamkasi upande wa pili alitabasamu peke yake, na ukweli ni kwamba alipenda kusifiwa kama mtu mwingine yeyote.

*

Ijumaa moja mvua ilinyesha tangu mapema, ile ya masika isiyo na haraka. Rafaeli aliitwa hospitali akakatwe plasta. Ernesti, mwenzake wa bohari na wa kanisani, alikuja na mkokoteni, wakampakia kama robota, akafunikwa turubai.

"Leo mkonge umelipa kisasi," Rafaeli alisema kutoka chini ya turubai. "Nimebeba, sasa nabebwa. Mke wangu, usinyanyue ndoo. Nikirudi narudi kwa miguu yangu."

"Rudi tu. Kwa miguu au kwa magurudumu, wewe rudi."

Alisimama kizingitini mpaka mkokoteni ukapotea nyuma ya nyumba za jirani. Alipogeuka kuingia ndani, uchungu ukamkamata kiunoni, akashika nguzo. Hakumwita mtu. Aliingia chumbani akalala kwa ubavu, akajikunja, akabana.

Asmahani ndiye aliyemwona. Alikuja kuazima chungio, akasogeza pazia, na kwa mara ya kwanza tangu aumbwe hakucheka. Alipiga mbio uani kumwita Bi Mwanamkasi. Wanaume wa mtaa walikuwa msikitini, njia zimejaa maji ya magotini, na hakuna gari ambalo lingekubali kuingia kule. Akafuatwa Bi Semeni, mkunga, nyumba ya jirani. Aliingia akichuruzika mvua, akanawa, akafunga leso kiunoni, akapapasa.

"Mtoto yuko sawa," alisema. "Kichwa kiko chini, njia iko wazi. Huyu hana taabu. Haya mwanangu, uchungu ukija, sukuma."

Uchungu ulikuja. Yudith hakusukuma. Alibana miguu, akakaza meno, akasema kitu kwa Kishambaa.

"Anasemaje?"

"Anasali," Asmahani alisema. "Ndiyo sala yake, kila siku namsikia."

"Asali, ila asukume. Sukuma, mwanangu."

Yudith alitikisa kichwa. Kiswahili chote kilikuwa kimemtoka. Cha sokoni kimekwenda, cha kanisani kimekwenda. Macho yake yalipita juu ya nyuso zile kama ya mtu aliyepotea stesheni. Uchungu ulikuja tena na tena, na kila ulipokuja alijifunga zaidi, akirudia maneno yale yale, sauti ikififia. Bi Semeni alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, akampiga kofi dogo la paja. Kisha alikaa kitako akajifuta jasho, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mtoto anachoka," alisema kwa sauti ya chini. "Mama mwenyewe anamzuia. Sijapata kuona. Kama hatamwachia sasa, nitawakosa wote wawili. Hakuna mtu anayejua maneno ya huyu? Mumewe yuko wapi?"

"Hospitali," Asmahani alisema, na alianza kulia.

Bi Mwanamkasi alikuwa amesimama kichwani pa kitanda, ameshika kibatari maana mvua ilileta giza mchana. Yeye alisikia kila neno. Yudith alikuwa akisema: humu yu hai, akitoka atakufa, humu yu hai, akitoka atakufa. Bi Mwanamkasi aliwatazama wale wawili. Bi Semeni alikuwa mwenzake wa ngoma na wa harusi tangu ujana, na mwaka juzi walikaa barazani wakawacheka pamoja watu wa bara na maneno yao. Asmahani hakuwa na jambo lililomlala kinywani hata siku moja. Bi Mwanamkasi akamwona tena moyoni mama yake, kwenye kona ya ua wa wake wenza, amefumba mdomo.

Akampa Asmahani kibatari. Akapanda kitandani nyuma ya Yudith, akamwegemeza kifuani kwake, akamsogezea mdomo sikioni. Akasema naye kwa Kibondei.

Maneno yalitoka na kutu mwanzoni. Kisha yakatoka yenyewe.

"Nimekusikia, mwanangu. Yote uliyomwomba Mulungu nimeyasikia, siku zote, niko pale nyuma ya ukuta. Ulimwambia huyu niachie, na mimi nikaitika Amina. Kila siku nimeitika. Sasa anakupa, na wewe umemfungia mlango. Utapokeaje na mkono umeukunja?"

Yudith aliacha kutikisa kichwa. Aligeuza uso polepole, akamwona aliyekuwa akimsemesha, na ndani ya maumivu yale yote macho yake yakawa makubwa.

"Wewe?" alisema. "Unasikia?"

"Nasikia. Na pua yangu ndivyo nilivyozaliwa nayo. Haya. Wale wawili wako kwake. Huyu mwache aje, halafu tutamtazama Mungu pamoja, mimi na wewe. Hutamtazama peke yako."

Yudith alilia. Kilio kilikuwa kile cha mtu anayetua mzigo, na miguu ikaachia. Uchungu ulipokuja, Bi Mwanamkasi alimwambia neno moja la Kibondei, lile ambalo mama yake alimwambia yeye siku kama ile, na Yudith alisukuma.

Bi Semeni hakuinua kichwa kutoka kazini, ila hakuweza kunyamaza. "Mwanamkasi. Kumbe wewe Mbondei?"

"Mbondei. Shika mtoto huyo."

Alikuwa wa kike. Alitoka kimya, wa buluu kidogo. Bi Semeni alimfuta mdomo, akamgeuza, akamsugua mgongo. Yudith hakutazama. Alikuwa amefumba macho na mkono wake umeukamata ule wa Bi Mwanamkasi hadi kucha zikaingia, na wote wawili, mmoja kwa Kishambaa, mwingine kwa Kibondei, walikuwa wakiita jina moja. Mtoto alikohoa. Kisha akalia, na akalia kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa bila kupigiwa hodi.

"Sauti ya mama yake," Asmahani alisema akipangusa makamasi. "Nyumba hii hatutalala."

Jioni mvua ikiwa imekatika, Rafaeli aliingia uchochoroni kwa miguu yake, kama alivyoahidi, mkono mmoja kwenye bega la Ernesti na mwingine kwenye fimbo. Alisikia kilio kutoka mbali. Alisimama kwenye matope akasikiliza, akaogopa kwenda, maana mara mbili alikwishawahi kusikia kilio kama kile kikinyamaza. Kilio hakikunyamaza. Akakifuata mpaka mlangoni, akilia naye, na aliposogeza pazia alimkuta mama mwenye nyumba amelala usingizi kando ya mkewe, kitambaa kimemtoka kichwani, mdomo wazi.

*

Mtoto aliishi. Alibatizwa Kristina, na siku ya ubatizo Asmahani alibeba mwavuli njia nzima akimweleza kila aliyesimama jinsi alivyoshika kibatari. Habari ya Bi Mwanamkasi kuwa Mbondei aliitangaza pia, hilo lilijulikana. Kwa siku kadhaa watu walimtazama Bi Mwanamkasi barazani kama wanaomtafutia alama. Yeye aliwatazama vile vile, na mwishowe walichoka. Bi Semeni alimwambia tu, "Miaka yote hii umenificha," na alikuwa ameumia kweli, wakaongea mpaka tambuu ikaisha kijalubani.

Bohari walimrudisha Rafaeli. Kubeba hakuweza tena. Walimpa kazi ya kukaa, ya kushona magunia, na ndani yakaanza kuonekana mafuta na unga. Rundo la sahani bado lilikuwa chini ya kitanda. Yudith alikuwa akilitazama. Sasa angeweza kutia sukari, angeweza kutia mchele, lakini kila alichokifikiria alikiona kidogo.

Mchana mmoja alikuwa akimnyonyesha Kristina, nyumba imetulia, akasikia sauti upande wa pili. Bi Mwanamkasi alikuwa amemaliza sala ya adhuhuri na sasa alikuwa anaomba dua. Alianza kwa Kiarabu. Aliingia kwenye Kiswahili. Kisha, kama mtu anayelegeza mkaja kiunoni baada ya shughuli, aliteremka kwenye Kibondei, na Yudith, ambaye hakuwahi kufikiri kwamba ukuta ule una pande mbili, alitega sikio.

Bi Mwanamkasi alimwombea marehemu mama yake. Alimwomba mama huyo radhi kwa miaka ya kumnyamazia. Mwisho, kwa haya kidogo, alimwambia Mungu kwamba anajua mambo makubwa ni mengi, lakini juzi ameota bada, ile ya unga wa muhogo aliyokuwa akisonga mama, na kisamvu kilichotwangwa kwa mchi mzito, na ameamka na mate mdomoni mwake. Akacheka peke yake. Akasema Amina.

Upande huu Yudith aliitika, kwa sauti ya chini kabisa.

Kesho yake alikwenda sokoni, mtoto mgongoni. Alirudi na unga wa muhogo na majani mabichi. Alitwanga, alichemsha, alisonga mpaka mikono ikamuuma. Kisha alivuta rundo kutoka chini ya kitanda, akaziosha sahani zote upya ingawa zilikuwa safi. Ile yenye maua mekundu aliiweka juu ya nyingine, akapakua ndani yake, akafunika kwa kawa.

Bi Mwanamkasi alikuwa barazani na Bi Semeni, na watu walikuwa wakipita wakitoka kazini. Yudith alitoka ukumbini na mzigo ule mikononi, akitembea kwa hadhari.

"Shikamoo, mama," alisema. Hakusema Bi Mwanamkasi.

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?"

"Sahani zako. Niwie radhi, zimekawia."

Bi Mwanamkasi alifunua kawa. Mvuke ulimpanda usoni. Aliitazama ile bada, nyeusi, inang'aa, kisamvu kimelala pembeni bila nazi, kama kinavyopikwa kule kwao. Kisha akainua macho.

"Nani amekwambia?"

"Mungu," Yudith alisema.

Bi Semeni aliwatazama, hakuelewa, akangoja aelezwe. Hakuna aliyemweleza. Bi Mwanamkasi aliomba maji, akanawa, akamega tonge pale pale barazani mbele ya macho ya Makorora yote. Kisha akasema Amina, akasogea akampisha Yudith nafasi kwenye mkeka, akamega la pili.